Mzee Isihaka Chilumba na Vitabu Kumi na Kimoja vya Wanyama

Tarehe 31 Desemba 1959, Mzee Isihaka Chilumba, mpeleka vitabu wa Bohari ya Vitabu vya Shule hapa Nachingwea, atastaafu baada ya kutumikia miaka ishirini na mitatu na miezi tisa. Aliajiriwa Lindi tarehe 1 Aprili 1936 akiwa kibarua wa kufunga vifurushi. Akajifunza kujalidi vitabu, akawa fundi, akawa fundi mkuu, kisha akapewa baiskeli. Kamati ya sherehe imeomba wasifu huu uwe mfupi, wa kufurahisha, na usizidi kurasa nne. Mwandishi atajitahidi kuhusu idadi ya kurasa.

Mwandishi mwenyewe ni Dastani Komba, karani wa mihuri na mtunzaji wa mashine ya kurudufisha. Kamati ilimchagua kwa sababu yeye ni Mngoni na Mzee Isihaka ni Mmwera, na hapa kwetu Wangoni na Wamwera ni watani. Wajumbe walitarajia matusi ya kuchekesha, wapige meza, wale pilau, waende zao. Matusi yapo kidogo, na yatakuja mahali pake.

Mzee Isihaka alihamishiwa Nachingwea mwaka 1947, wakati mji wenyewe ulikuwa mahema, matrekta na vumbi la mradi wa karanga. Bohari yetu ilikuwa banda la bati lenye sakafu ya saruji. Vitabu vya shule zote za upande wa Nachingwea na Ruangwa vilifika kwa lori kutoka Lindi, na vilifika vimelowa, vimeraruka, au vimeliwa na mchwa hadi sura ya nne. Fundi wetu alipewa meza moja, sindano mbili, bunda la uzi na gunia la unga wa muhogo wa kupikia gundi. Kwa vifaa hivyo alijalidi upya, kwa mujibu wa daftari, vitabu elfu kumi na nne na mia sita kabla hajaondolewa mezani.

Gundi ilikuwa ikiliwa na mende. Mzee Isihaka akaanza kuitia mrututu kidogo, ile dawa ya buluu yenye sumu, inapochemka, na mende wa Nachingwea wakaisusia. Mwalimu mmoja wa Ruponda alikuja kulalamika kwamba vitabu sasa vinanuka dawa. Mzee alimsikiliza kwa adabu zote, kisha akamwambia yuko tayari kumrudishia mende wake. Njia hiyo ya kupika gundi baadaye ilichukuliwa na bohari za wilaya nyingine, ambako inaitwa kwa jina la ofisa mmoja aliyewahi kuja hapa kwa siku mbili.

Mwaka 1949 lori la vitabu vya hesabu lilizama mtoni, vitabu mia tatu vikaja vikitiririka maji. Mzee Isihaka alivianika vyote juu ya waya wa uzio wa reli, kimoja kimoja, vimefunguliwa katikati. Dereva wa gari moshi alipunguza mwendo kutazama. Siku ya tatu vilikuwa vimekauka, na watoto wa Mkotokuyana walijifunza kugawanya kwa vitabu hivyo miaka mitano zaidi. Hilo nalo limo katika daftari, ingawa jina lake halimo.

Tufike sasa kwenye jambo ambalo kila aliyewahi kufanya kazi hapa analijua kwa nusu, na ambalo mwandishi analijua lote.

Mwaka uleule wa 1947, Mzee alipohamia hapa, kilitoka kitabu chembamba cha mashairi kiitwacho Jirani Zetu wa Porini. Mtunzi alikuwa Mwalimu Kornel Namwinga, aliyekuwa akifundisha upande wa Ruangwa. Alikuwa mshairi wa kisasa, yaani wazee walisema hajui vina. Mashairi yake yote yalikuwa ya wanyama, na wanyama hao hawakumfundisha mtu adabu. Sungura wake hakuwa mjanja, alikuwa na njaa tu. Fisi wake alikuwa amechoka kuchekwa. Shairi la kobe lilikuwa na mistari mitatu:

Kobe hakushinda mbio.
Alifika tu,
akakuta watu wameshaondoka.

Nakala moja ilifika mezani kwa Mzee Isihaka imeachia jalada. Alipaswa kuishona kwa dakika ishirini. Alikaa nayo mpaka kengele ya mchana ikagongwa, watu wakala, wakarudi, wakamkuta bado amesimama nayo. Alipokuwa mtoto kule Chunyu alilinda shamba la mama yake dhidi ya ngedere miaka mingi, na katika kitabu kile mlikuwa na shairi la ngedere. Alisema, "Huyu mtu amelinda shamba huyu. Huwezi kuyajua haya kwa kuambiwa." Tangu siku hiyo akaanza kukusanya.

Hakukusanya mashairi, kwa maana hayo aliyajua kwa moyo kabla mwezi haujaisha. Alikusanya picha. Kila kitabu hiki kilipochapishwa upya kilipata mchoraji mwingine, na kila mchoraji aliwaona wanyama wale kwa macho yake, na Mzee Isihaka alitaka kuwaona wote.

Toleo la kwanza lilichapishwa Lindi kwa mbao za mpingo zilizochongwa na Mmakonde ambaye mpiga chapa hakujishughulisha kumtaja. Nungunungu katika toleo hilo ni mweusi kabisa, na kila mwiba wake ni mkato mmoja mweupe. Mzee alisafiri hadi akampata mchongaji, akajua anaitwa Eustakio, akarudi na kuliandika jina hilo kwa penseli ndani ya jalada la kila nakala aliyokuwa nayo. Alikuwa nazo tatu, kwa sababu, alisema, wino haukukolea sawa. Katika moja fisi amechapwa kichwa chini miguu juu. Hiyo ndiyo aliyoipenda kuliko zote, na alikuwa akiwageuzia wageni kitabu ili wamwone fisi vizuri, halafu akiwageuzia tena.

Toleo la pili, la mwaka 1950, lilikuwa la rangi. Aliyelichora ni mke wa fundi mmoja wa matrekta. Matrekta yalipokuwa yakiangusha pori, wanyama walikimbia ovyo, wakapita hata katikati ya nyumba za wafanyakazi, na mama huyo aliketi barazani na rangi zake akawachora wakipita. Nguchiro wake wana vumbi mgongoni. Mradi ulipopunguzwa, Wazungu walipoanza kurudi kwao, kulikuwa na mnada wa vyombo vyao. Watu waligombea vitanda na majiko. Biasha, mke wa Mzee Isihaka, alikuwa amemtuma mumewe sufuria kubwa. Alirudi na vitabu viwili. Biasha alifungua kimoja, akakutana na ngiri, akasema maneno ambayo bohari nzima iliyarudia mwaka mzima: "Nimekutuma sufuria, unaniletea nguruwe wa karatasi!"

Toleo la tatu lilikuwa la shule, la 1951, lililochorwa ng'ambo na mtu aliyeonekana wazi kwamba hajawahi kufukuza ngiri wala kufukuzwa naye. Ngiri wake anakimbia mkia chini. Mtoto yeyote wa hapa anajua ngiri akikimbia mkia wake husimama. Mzee Isihaka alinunua nakala mbili katika duka la vitabu Lindi, kwa fedha yake, kwa kuwa kosa nalo, alisema, lazima mtu alitunze ili wengine walione.

La nne lilikuwa toleo la nakala hamsini tu, mwaka 1952, kubwa, ambalo Mwalimu Kornel alilipaka rangi kwa mkono wake mwenyewe. Alileta karatasi zisizoshonwa na kumwomba Mzee Isihaka azijalidi baada ya saa za kazi. Mzee alizivika kaniki, na kwenye mgongo akaweka ngozi ya swala. Mwalimu akamwachia nakala namba saba, na ndani akaandika: "Kwa fundi wa Nachingwea, aliyewavika nguo jirani zangu." Ongeza juzuu tatu za karatasi za majaribio ambazo Mzee aliziokota kwenye takataka za mpiga chapa wa Lindi na kuzishona mwenyewe, na jumla yake ni vitabu kumi na kimoja.

Vitabu hivyo aliviweka hapa bohari, kwenye rafu ya chuma nyuma ya meza yake. Nyumba yake ilikuwa ya nyasi na ina mchwa. Bwana Msimamizi wa wakati ule alimruhusu kwa mdomo: "Weka tu, mzee, mradi visichanganyike na vya shule." Jumamosi mchana walimu walikuja kuvitazama. Wengine walitoka Mkotokuyana kwa miguu. Mzee aliosha mikono, akawaoshesha na wao, ndipo akafungua.

Kufikia hapa naacha kujiita mwandishi. Yanayofuata niliyafanya mimi.

Septemba 1953 mama yake Mzee Isihaka alifariki Chunyu. Kwa msomaji asiyejua mila zetu: penye msiba, mtani ana kazi. Anakwenda kuchokoza waliofiwa. Anaweza kulala kaburini akasema hatoki mpaka apewe kuku, anaweza kubeba sufuria ya chakula akakimbia nayo, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika, kwa sababu waliofiwa lazima wacheke ndipo waweze kula. Mimi nilitaka kwenda na sikupata lori. Basi nikaifanya kazi yangu ya utani palepale nilipokuwa. Nilichukua mhuri wa bohari, ule wa duara, nikauchovya katika wino wa zambarau, nikaugonga katika ukurasa wa kwanza wa kila kimoja cha vile vitabu kumi na kimoja. Kisha nikabandika karatasi kwenye rafu: NCHI HII IMETEKWA NA WANGONI.

Mzee Isihaka alirudi siku ya tano. Macho yalikuwa mekundu, na Biasha alikuwa ametuambia kwamba hajala kitu cha maana tangu maziko. Akaiona ile karatasi. Akafungua kitabu kimoja, akafungua cha pili. Akaketi juu ya magunia na kucheka mpaka machozi yakamtoka upya. Alipoweza kusema alisema, "Mngoni alizoea kuteka mbuzi na wanawake. Leo kwa mara ya kwanza ameteka kitu asichoweza kukisoma!" Bohari nzima ilianguka kwa kicheko. Mchana ule alikula sahani mbili za ugali.

Nalieleza hili kwa urefu kwa sababu nataka ijulikane kwamba siku ile lilikuwa jambo zuri. Sijawahi kufanya utani mwingine uliofanikiwa hivyo. Wiki iliyofuata nilimwambia nitaandika chini ya kila mhuri kwamba si mali ya bohari. Akakataa. Alisema huo ni ucheshi wa msiba wa mama yake, niuache ulivyo.

Machi 1954 alikuja Bwana Mkaguzi. Hapo katikati Bwana Msimamizi wetu wa zamani alikuwa amekwenda likizo ng'ambo na hakurudi. Mwalimu Kornel alikuwa amefariki Januari kwa homa ya uti wa mgongo. Bwana Mkaguzi alikuwa mgeni, hakujua utani ni nini, na hakuna aliyemweleza. Alihesabu vitabu vya rafu zote akalinganisha na daftari, akakuta kumi na kimoja vya ziada nyuma ya meza ya fundi mkuu, vizuri kuliko vyote vilivyomo ndani ya banda, na kila kimoja kina mhuri wa bohari.

Mzee Isihaka alisema ni vyake. Akaulizwa mhuri ni wa nani. Akasema ni wa bohari. Akaonyeshwa nakala namba saba, na maandishi ya Mwalimu Kornel yalipotafsiriwa, Bwana Mkaguzi alisema kwamba fundi wa Nachingwea ni cheo, na zawadi inayotolewa kwa cheo ni mali ya ofisi. Kisha akauliza swali moja tu lililokuwa na maana siku ile: nani aliyeugonga mhuri huu?

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Funguo za kabati la mihuri zilikuwa mfukoni mwangu, nilizigusa. Kugonga mhuri wa bohari bila amri kulikuwa kosa la kufukuzwa kazi, na mimi mwenyewe ndimi niliyelichapa tangazo la katazo hilo. Mke wangu Marietha alikuwa amejifungua siku tatu nyuma. Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani, na nayaandika si kwa kujitetea, maana kila mwoga ana mtoto mchanga wa namna hii nyumbani kwake. Nilijiambia nitakwenda kumweleza Bwana Mkaguzi kesho yake, akiwa peke yake.

Mzee Isihaka hakunitazama. Angenitazama mara moja tu ningesema. Alitazama mezani, akajibu, "Sijui, bwana."

Kesho yake sikwenda. Kesho kutwa alikuja Biasha nyumbani kwangu, akasimama nje, hakukubali kiti. "We Mngoni," alisema, "kucheka tulicheka. Na mimi nilicheka. Sasa yule Mzungu yeye hacheki. Nenda kamwambie." Nikamwambia nitakwenda. Nikamuuliza kwa nini mumewe mwenyewe hasemi. Akaniangalia kana kwamba nimeuliza kwa nini maji yanalowesha. "Ampeleke mtani wake kwenye kesi? Huko kwenu mnafanyaje?"

Sikwenda. Hilo ndilo neno lenyewe, na hakuna kurasa nne zinazoweza kulirefusha likawa zuri.

Kwa kuwa vitabu havikutoka nje ya jengo, hakushtakiwa wizi. Aliondolewa ufundi mkuu kwa barua, na katika faili lake yakaandikwa maneno kwamba hana uaminifu wa kutunza mali. Alipewa baiskeli ya kupeleka vitabu mashuleni. Vitabu kumi na kimoja vikawa mali ya bohari, na aliyeamriwa kuviingiza katika daftari nilikuwa mimi. Nilikuwa na mwandiko mzuri sana siku ile. Mnaweza kwenda kuuangalia, upo.

Aprili vikagawiwa shuleni, kama kitabu kingine chochote, na aliyevipeleka ni mpeleka vitabu. Mzee Isihaka alivifunga mwenyewe, akavipakia mwenyewe, akaviendesha juu ya baiskeli katika njia ya mchanga, hiki Ruponda, hivi viwili Mkotokuyana, hivi upande wa Ruangwa hadi Chunyu, shule iliyo karibu na kaburi la mama yake. Kila mahali alisubiri mwalimu atie saini ya kupokea.

Shule moja, sitaitaja, ilikata picha za toleo la rangi ikazibandika ukutani kwa ajili ya ziara ya ofisa. Mvua ya kwanza ilizishusha. Nakala ya fisi aliyepinduka ilipotezwa na mwanafunzi. Nyingine ziliraruka jinsi vitabu vya watoto vinavyoraruka, na zikarudishwa hapa kwa matengenezo. Fundi aliyechukua nafasi ya Mzee Isihaka alikuwa kijana mwema asiyejua kushona. Alikuwa akiziweka pembeni, na Mzee, akitoka safari, kabla hajanawa vumbi, alizishona. Kwa karibu miaka sita ametengeneza vitabu vyake mwenyewe na kuvirudisha kwa watu wengine. Mwaka 1957 aliandika ombi la kuazima nakala namba saba kwa wiki mbili. Alijibiwa kwamba kuazima ni kwa walimu tu. Barua ya majibu niliichapa mimi.

Msifikiri alinifanyia ubaya. Ingekuwa heri. Tangu Machi 1954 Mzee Isihaka hajanitania hata neno moja. Kabla ya hapo alikuwa akiniita mateka mtoro, mchungaji wa mbuzi wa wizi, Mngoni aliyepotea njia ya kwenda vitani. Sasa ananiita Bwana Dastani. Ananiamkia, anauliza habari za Marietha na mtoto, anajibu akiulizwa. Baba yangu alipofariki Songea mwaka 1956, Mzee Isihaka alikuja kwangu, akavua viatu, akaketi mkekani, akanipa pole kwa sauti ya chini kama anavyompa mtu yeyote, akaondoka. Nilitamani aniibie hata kuku. Nilikaa siku saba bila kuweza kula, na hakuna aliyejua kwa nini.

Huu basi ndio utumishi wa miaka ishirini na mitatu na miezi tisa. Kamati imenunua saa ya ukutani, nayo ni saa nzuri, na Bwana Msimamizi wa sasa, ambaye hakuwepo wakati ule na hana kosa, atasema katika hotuba yake kwamba Mzee Isihaka alikuwa mtu mwaminifu. Namwomba, kabla hajasimama, afungue faili la mtu huyo asome kilichoandikwa. Kimojawapo ni uongo, ama hotuba ama faili, na leo inatupasa kuchagua.

Mimi nimekwisha kuchagua, nikiwa nimechelewa karibu miaka sita. Mhuri uliomo katika vitabu vile niliugonga mimi, Dastani Komba, Septemba 1953, bila amri ya mtu, kwa utani. Isihaka Chilumba hakuwahi kuchukua kitu cha bohari hii isipokuwa vumbi lake. Maelezo hayo nimeyaandika kwa mkono wangu na kuyatia saini. Mashine ya kurudufisha iko chini yangu, kwa hiyo hakuna aliyeusoma wasifu huu kabla ya leo. Bi Albina wa mapokezi ataanza kuwasomea saa nane. Saa nane hiyohiyo nitakuwa mlangoni mwa ofisi ya Bwana Msimamizi na maelezo yangu na funguo za kabati, nikimsubiri atoke kwenye pilau.

Kuna jambo moja zaidi la kikazi. Kila Desemba vitabu vilivyochakaa hugongwa mhuri wa kufutwa, hutolewa katika daftari, na hutupwa. Mwaka huu niliviita vitabu fulani kutoka mashuleni kwa matengenezo. Kati ya kumi na kimoja vilirudi saba. Nakala namba saba imo, ingawa kaniki imechanika na swala amebaki nusu. Nungunungu yumo mmoja. Ngiri wote wawili wa mkia chini wamo, kwa sababu hakuna mtoto aliyewataka. Niliviweka katika orodha ya vitabu vya kutupwa, na Bwana Msimamizi aliitia saini orodha hiyo Jumatatu bila kuisoma, namshukuru sana. Havimo tena katika daftari la mtu yeyote. Viko ndani ya boksi la chaki chini ya kiti cha mgeni wa heshima.

Mzee Isihaka, viinue, ni vyako. Vinne sikuvipata, na jina lako nalo sijui litarudi likiwa na kurasa ngapi.

Wafanyakazi wote wa Bohari wanakushukuru kwa kila kitabu ulichokishona na kila njia uliyoipita. Tunakutakia wewe na Biasha afya, mvua ya kutosha huko Chunyu, nyumba ya bati isiyo na mchwa, na macho ya kusomea mpaka mwisho. Ukinikuta njiani nikiwa sina kazi, sikuombi unisamehe. Nakuomba kitu kimoja tu: usiniamkie vizuri.

Dastani Komba
Karani wa Mihuri
Nachingwea, 19 Desemba 1959